Mshenga Kasusa

Kina mama wenzangu mlio na vijana wa kuoa, msimchague mshenga kwa sababu tu ulimi wake mtamu. Nalisema hili mwanzoni kabisa, ili hata atakayechoka kusoma awe ameshalipata. Mwulizeni mshenga anapenda nini. Siyo anakunywa au hanywi, siyo anaswali wapi, hayo kila mtu anauliza. Anapenda nini, na ukimgusa hapo anapopenda anakuwaje. Wa kwetu nilikuwa nakijua anachokipenda, nilikisikia kila Jumapili kupitia ukutani. Nikadhani ni makelele tu.

Mwanangu Brightson ana rafiki anaitwa Nassibu. Wana kazi yao ya pamoja, wanakodisha spika kwenye sherehe: send-off, kipaimara, kitchen party. Spika wanaziweka chumba cha uani hapa kwangu Wazo, na kwa kuwa vumbi la kiwanda cha saruji huku linatua juu ya kila kitu, kutwa wanazipangusa kama watu wanaopangusa watoto makamasi. Wakiwa kazini wanapiga wanachoambiwa, kwaya, bongo fleva, singeli. Wakishajifungia chumbani kwao wanapiga mziki wa chuma.

Kwa Kizungu unaitwa hevi metali. Wao wanasema chuma, basi. Magitaa yanalia kama mashine ya kukatia vigae, ngoma zinakimbizana, halafu mwimbaji anapiga ukelele kama mtu aliyefungiwa nje na mvua inanyesha. Jirani yangu Zubeda, ambaye tumepakana ukuta, alikuwa akiwasikia wanabishana, "chuma hiki kizito," "chuma kile chepesi," siku moja akaja na sufuria lake bovu na mabati mawili, akauliza wananunua kilo shilingi ngapi. Vijana walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo Nassibu akimwona Zubeda anamwambia, "Mama, leo tunapokea mpaka sufuria za shaba." Ndivyo alivyo, mtani, kila mtu ana neno lake la kumchekesha.

Sasa kila Jumapili, Brightson akitoka kanisani na Nassibu akishaswali adhuhuri, wanakaa uani na simu zao. Wenzao wengine wako kwenye grupu, wanatuma sauti kutoka Temeke, Mbagala, mpaka Kibaha. Kazi yao ni moja: kupanga albamu za zamani za huo mziki, ipi ya kwanza, ipi ya pili, kushuka mpaka ya mia. Za Wazungu wenye nywele ndefu, zimetoka wao hawajazaliwa. Majina yake ya Kizungu sitayaandika, nitakosea, nayaandika kama Brightson alivyonitafsiria. Ya Brightson aliyoipenda kupita zote inaitwa Kaburi Halina Dirisha. Ya Nassibu inaitwa Kiwanda cha Radi.

Nilikuwa nawapelekea chai na mihogo, nawasikia.

"Oya, Kaburi haiwezi kukaa juu ya Kiwanda. Haiwezi! Hata ukimwuliza maiti."

"Maiti ndiye wa kwanza kusema Kaburi, anakaa humo."

"Unazingua, Brightson. Gitaa la Kiwanda linaingia kama umeme wa kukatika. Unajua litakuja, hujui saa ngapi."

"Na mpiga ngoma wake je? Anapiga kama anaogopa kumwamsha mtoto."

"Toa hoja, usitoe matusi!"

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao, hakuna nafasi bila hoja. Ukisema hii ni ya tano lazima useme kwa nini ni ya tano na siyo ya sita. Niliwahi kuwauliza, "Nyie, mkishapanga mnapewa nini?"

"Hatupewi kitu, mama," Nassibu akanijibu. "Ni heshima tu."

"Heshima ya nani?"

"Ya albamu."

Nikaenda zangu kuchambua mchele. Mie darasa la saba langu nilifundishwa kuheshimu watu wazima na bendera. Albamu sikufundishwa.

Basi Brightson akapata mchumba, Kokuberwa, binti wa Kihaya anayeuza kwenye duka la dawa Tegeta. Binti mtulivu, anayekutazama usoni unapoongea. Nilimpenda kabla Brightson hajaniambia nimpende. Baba yake ni Mzee Marselino, mwalimu mstaafu, anakaa Mbezi Beach, mtu wa kuvaa koti hata akienda kununua mkaa. Sasa tukahitaji mshenga.

Mnajua nyie, lakini vijana wa siku hizi hawajui, ngoja niseme. Mshenga ndiye mdomo wa kwenu. Posa anapeleka yeye, jibu anapokea yeye, wakisema njooni lini anaambiwa yeye. Mama wa kijana hampigii simu mkwe ambaye bado hajawa mkwe. Ukipiga umejishusha, na mwanao umemshusha, na wao watasema hawa watu hawana mtu wa kuwasemea.

Baba yake Brightson alishatangulia mbele za haki. Aliyebaki wa kutusimamia ni baba yake mdogo, Jonas, na Jonas ni mtu mwema lakini akikaa mbele za watu anatoka jasho la kwapa na kusema "kwa kweli" mpaka maneno yanaisha. Brightson akasema, apelekwe Nassibu. Ndugu zetu wa Upareni walishangaa, Mwislamu awe mshenga wa Walutheri kwenda kwa Wakatoliki? Lakini Nassibu ana mke, ana heshima, amekulia Vingunguti kwenye nyumba ya watu wa pwani wanaojua kusema. Akaenda.

Jamani, Mzee Marselino alimpenda kuliko alivyompenda Brightson. Nassibu alimwamkia, akamwuliza hali ya nyumbani, akauliza hali ya migomba ya Bukoba ambayo hajawahi kuiona, akaipa pole kwa ugonjwa wa mnyauko. Posa ikapokelewa. Mzee akasema, na Nassibu akatuletea maneno yake kama yalivyo: "Huyu kijana mliyemtuma ana adabu. Aendelee huyu huyu. Mkinibadilishia mshenga katikati ya safari nitajua kuna jambo mnalificha." Tukacheka, tukaona tumebarikiwa. Ikapangwa kwamba baada ya mfungo, mshenga arudi achukue tarehe, kisha familia mbili zikae.

Mfungo ukaisha. Na kwenye grupu lao wakafika mwisho wa kupanga. Wakapiga kura ya kufunga.

Kiwanda cha Radi, ambayo Nassibu aliitetea miaka yote, ikaanguka mpaka ya tisa. Kaburi ikawa ya kwanza. Mpaka hapo, Brightson anasema, Nassibu alivumilia, aliandika tu, "Demokrasia ina mambo." Lakini Brightson ndiye msimamizi wa grupu, na sheria inasema kila nafasi itolewe hoja. Akatuma sauti. Nimeisikiliza mwenyewe. Anasema, "Tuwe wakweli, wanangu. Kiwanda cha Radi upande wa kwanza ni moto. Upande wa pili ni mziki wa kitchen party. Unaweza ukainuka ukatunza mtu noti."

Watu wakacheka. Kijana mmoja wa Temeke, Farhan, akachukua picha ya Nassibu akaivalisha kitenge na kilemba, ameshika noti juu, anakata kiuno, na chini kaandika "Upande wa Pili." Ile picha ikatembea grupu zima. Na Brightson naye akaweka alama ya kucheka machozi.

Kisha simu ikaandika: Nassibu ameondoka.

Hakuja uani Jumapili ile. Hakuja na nyingine. Kazi ya spika akawa anatuma kijana mwingine. Na Mbezi hakwenda.

Nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbezi umeshakwenda?"

"Mama, presha yako vipi? Imeshuka?"

"Imeshuka. Nassibu, kule kwa mzee wanasubiri tarehe."

"Alhamdulillahi ikishuka. Upunguze chumvi mama, hasa kwenye dagaa."

"Nassibu. Mbezi."

"Inshallah, mama."

Kama angenitukana ningejua pa kushika. Lakini alikuwa amesusa, na kususa siyo ugomvi. Mgomvi utamsuluhisha. Aliyesusa anaitikia salamu yako vizuri, anakuuliza wa nyumbani wote hawajambo, anakushauri mpaka chumvi, halafu lile moja unalolitaka halifanyi. Kwetu mlimani mtu akikasirika anakusema mbele ya watu, mnarushiana maneno, jioni mnakunywa togwa. Hiki cha kukaa kimya kwa adabu sikujua dawa yake.

Nikamkalisha Brightson. "Mwombe radhi mwenzio."

"Nimeomba. Nimemwambia ile picha siyo mie niliyeitengeneza."

"Kasemaje?"

"Kasema picha siyo ishu. Anataka nifute hoja. Niseme kwenye grupu kwamba upande wa pili wa Kiwanda siyo mziki wa kitchen party, na albamu irudi juu."

"Basi sema! Irudishe! Iwe ya kwanza, iwe ya kwanza mara mbili!"

Akanitazama kama vile nimemwambia akaibe sadaka. "Mama, kura zimepigwa. Nikiibadilisha kwa sababu nataka kuoa, orodha nzima inakuwa takataka. Watasema Brightson kahongwa mke."

"Na Kokuberwa je?"

"Kokuberwa hayumo kwenye grupu, mama."

Nilitamani kulia na nilitamani kumpiga, na yeye ni mtu mzima ana ndevu. Nikamwita Jonas. Jonas akasema kwa kweli, twende na mshenga mwingine. Nikamkumbusha maneno ya mzee, kwamba tukibadilisha atajua tunaficha jambo. Jonas akasema kwa kweli hilo ni kweli. Tungemwambia mzee nini? Kwamba mshenga wetu hasemi nasi kwa sababu ya nyimbo za Wazungu? Mwalimu yule? Angeuliza tu, na hawa ndio wanaotaka kuoa?

Nikamwendea mama yake Nassibu, Bi Tunu, Vingunguti. Nilijua njia zote zimefungwa lakini mama kwa mama nikaona labda. Nilimkuta uani anakuna nazi, upepo unaleta harufu ya machinjioni na yeye wala haisikii, amezoea kama mie nilivyozoea vumbi la saruji. Tulipokwisha kuamkiana, kabla sijafungua mdomo, akasema, "Najua kilichokuleta, mama Brightson. Na wangu hashikiki."

"Umesema naye?"

"Nimesema naye, nimemlilia, nimemtishia radhi. Kaniambia, mama, nisamehe sana, lakini upande wa pili ndio wenyewe."

"Sasa huo upande una nini, Bi Tunu?"

Akaweka mbuzi ya nazi pembeni. "Hapa nimelea watoto saba. Kila kitu kilikuwa cha wote. Kitanda cha wote, kanzu ya Idi ya wote, huyu anavaa asubuhi, yule jioni. Nassibu yuko shule, baharia mmoja akampa kaseti. Ile kaseti ndiyo kitu cha kwanza humu ndani kuwa cha mtu mmoja. Na kwa kuwa upande wa kwanza wenzie waliufuta kwa kurekodi kaswida, ukabaki upande wa pili. Ndio aliokuwa anausikiliza. Miaka, mama Brightson, upande mmoja."

Nikaokota kifuu kimoja, nikakiweka pembeni.

Bi Tunu akamwita mkwewe, mke wa Nassibu, alete simu. "Tuwekee huo mziki. Zile za mwishoni." Tukakaa kwenye mkeka wazee wawili tumeinamia simu. Ukaanza. Gitaa likapasua, mtu akapiga ukelele, kuku wakakimbia. Tukasikiliza wote mpaka mwisho, kama watu wanaosikiliza matangazo ya vifo redioni. Ulipokwisha, Bi Tunu akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Mama Brightson, hii kweli ni ya tisa?"

Nikafikiri. Wallahi nilifikiri kwa moyo wote. "Sijui, Bi Tunu. Labda ya nane."

Tukacheka, yeye akajifuta macho kwa upindo wa khanga. Halafu kicheko kikaisha, maana hata tungekubaliana ya nane, nani angetusikiliza?

Lakini alinisindikiza mpaka barabarani na akaniahidi. Akasema, "Mbezi ataenda. Kwa ajili yangu ataenda. Roho yake siwezi kuigeuza, lakini miguu nitaipeleka." Na kweli, Nassibu akaenda, akachukua tarehe, akatutumia kwa ujumbe mfupi wenye salamu ndefu. Nilimshukuru Mungu. Brightson akasema, "Si nilikwambia mama, atakuja tu." Nikataka kuamini.

Siku ikafika. Tulikwenda Mbezi Beach na blanketi la bibi, vitenge vya mama, na vitu vingine vilivyotajwa. Nassibu alikuja amevaa kanzu nyeupe na koti, kanukia, kamshika Brightson mkono. Hawakukumbatiana kama zamani, ila walishikana mkono. Sebuleni wanaume wakakaa makochi ya mbele, sie wanawake upande wa mlango wa jikoni. Kokuberwa alikuwa chumbani, hatoki mpaka aitwe.

Nassibu alisema vizuri. Alitamka salamu za Upareni na Bukoba na Pwani, akamfanya mama yake Kokuberwa acheke. Mie moyo ukaanza kutulia. Ndipo Mzee Marselino akavua miwani.

"Bwana mshenga," akasema, "mimi ni mwalimu. Maisha yangu yote nimepanga watoto darasani, wa kwanza mpaka wa mwisho. Sijui namna nyingine ya kumpima mtu. Wewe huyu kijana umekaa naye, umefanya naye kazi. Katika vijana wote unaowafahamu, huyu unampa nafasi ya ngapi?"

Kila mtu pale sebuleni alijua jibu. Hilo siyo swali, ni mlango umefunguliwa upite. Unasema wa kwanza, mzee anatabasamu, binti anaitwa, vigelegele. Mie nilishaweka ulimi tayari kwa kigelegele.

Nassibu akamgeukia Brightson. Nilimwona akitabasamu lile tabasamu lake la kumtania Zubeda.

"Mzee," akasema, "ukitaka ukweli, mie ningemweka wa tisa."

Baadaye Nassibu alilia mbele yangu akisema kwamba alikuwa na maneno ya pili mdomoni. Kwamba alitaka Brightson acheke, wacheke wawili tu kama zamani, na ugomvi ufe palepale, kisha aseme, "Lakini mzee, ni wa tisa wa duniani, hapa Tanzania ni wa kwanza." Nayaamini. Ni maneno yake kabisa hayo. Lakini hakupata kuyasema, maana mwanangu, mbele ya wakwe zake, akanyanyuka nusu kwenye kochi:

"Wa tisa kwa hoja gani?"

"Brightson, kaa," nikasema. Hakuna aliyenisikia.

"Hoja unayo mwenyewe," Nassibu akajibu, na tabasamu likaondoka. "Mtu anaanza vizuri upande wa kwanza, akifika upande wa pili anamvalisha rafiki yake kilemba. Huyo anazidi wa tisa?"

"Sijakuvalisha mie! Na yale yalikuwa ya albamu!"

"Na haya ni ya albamu!"

"Kura zilikuwa halali! Kaburi ilishinda kihalali!"

"Kaburi, Kaburi! Kila siku Kaburi! Nenda kaoe hilo Kaburi lako basi!"

Mama yake Kokuberwa akapiga ishara ya msalaba. Mzee Marselino akageuza kichwa huku na huku. "Kaburi la nani?" akauliza. "Nauliza, kaburi la nani? Kuna mtu amefariki?"

Jonas akafuta jasho. "Kwa kweli, mzee, ni... ni nyimbo."

"Nyimbo za msiba?"

"Hapana, mzee. Za kawaida tu."

Wale wawili wakawa wamekwisha kusimama, wanaelekezeana vidole, ngoma, gitaa, upande wa kwanza, upande wa pili, mpaka mmoja akasema mpiga ngoma na mwenzie akasema mtoto, na mie nimekaa karibu na mlango wa jikoni. Ningesema nini? Ningeinuka mwanamke niende katikati ya wanaume, kwenye nyumba ya watu, nimwambie mzee ulimwengu wote wa maneno haya ni spika na kaseti? Nilimtazama Bi Tunu, tulikuja naye. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua ncha ya khanga.

Mzee Marselino hakupandisha sauti. Alingoja wakachoka, kama anavyongoja darasa linyamaze. Kisha akasema, "Karibuni chakula." Tukala. Ndizi na nyama, vitamu, na hakuna aliyesikia ladha. Tulipokwisha kunawa akaongea.

"Mdhamini akiniambia mtoto ni wa tisa, sibishani na mdhamini, anamjua kuliko mimi. Wa tisa si vibaya, nimewafundisha wa tisa waliofika mbali. Lakini kijana mwenyewe hakunijibu kitu. Hakusema yeye ni nani. Amegombania kaburi." Akavaa miwani. "Vitu hivi rudini navyo leo. Nikiwa na neno, nitamtuma mtu."

Blanketi la bibi tukarudi nalo. Neno halijaja.

Na mnajua nini? Wamepatana. Wiki ile ile. Nassibu alikuja Wazo analia, Brightson naye analia, wakakaa chini kwenye chumba cha spika, kila mmoja anajilaumu zaidi ya mwenzie, mpaka wakaanza kubishana nani mwenye kosa kubwa, kwa hoja. Nassibu amekwenda Mbezi kuomba radhi, dada wa kazi anatoka getini anasema mzee kapumzika. Jonas alijitolea kwenda, akafika kona ya nyumba akarudi. Orodha yao wameifuta yote. Sasa wameanza nyingine, ya albamu zilizorekodiwa jukwaani, na Jumapili naisikia tena kupitia ukutani, "Toa hoja! Toa hoja!" Ila Brightson sauti yake imepungua, na mihogo anaiacha.

Namwambia, mwanangu, nenda wewe mwenyewe kwa yule mzee. Anasema siyo utaratibu. Na ni kweli, siyo utaratibu. Mie ndiye niliyemfundisha utaratibu.

Juzi dawa zangu za presha zilikwisha. Yako maduka ya dawa hapa hapa Wazo, lakini nikaenda Tegeta. Kokuberwa alikuwepo, amevaa koti lake jeupe. Akaniamkia kwa kupiga goti kidogo nyuma ya kaunta, kama zamani. Akanihesabia vidonge, akaandika kwenye bahasha, kutwa mara moja. Kisha akasema taratibu, bila kuinua uso:

"Baba ameniuliza swali, mama. Ameniuliza, huyu rafiki yake amemwita wa tisa, na yeye badala ya kusema mimi nampenda mwanao, akabishania nyimbo. Siku ukiumwa usiku, atakupeleka hospitali au atabishana na dereva? Nimelifikiria. Nimekosa jibu. Wewe unalo?"

Nilikuwa nalo. Nilikuwa nayo majibu mengi, kwamba nilipolazwa mie Brightson alilala sakafuni wodini, kwamba hajawahi kuninyima kitu, kwamba ni mtoto mwema tu, mjinga wa kitu kimoja. Lakini hayo ni maneno ya mshenga kuyapeleka, wa kwetu hapokelewi, na mie nikiyasema pale dukani nitakuwa mama aliyekuja kumbembelezea mwanae mke kwenye kaunta. Na zaidi ya hapo, swali la dereva sikuwa na hakika nalo.

Nikasema, "Nitakunywa baada ya kula?"

"Ndiyo, mama. Baada ya kula."

Nyuma yangu alikuwepo mwanamke amebeba mtoto anakohoa. Kokuberwa akamwita asogee.